Kasubi: Wafalme wawili walioadhibiwa bila mahakama

Kilima cha Kasubi kiko kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Kampala, kando ya barabara iendayo Hoima. Chini yake kuna soko lenye msongamano, vituo vya bodaboda na maduka ya mbao. Juu yake, nyuma ya ua wa matete, kuna nyumba kubwa ya nyasi iitwayo Muzibu Azaala Mpanga. Kabaka Mutesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe kasri lake, na alipofariki mwaka 1884 ikageuzwa kuwa kaburi lake. Wafalme wengine watatu waliotawala baada yake nao wakalazwa hapo: Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. UNESCO iliyaweka makaburi hayo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Moto uliiteketeza nyumba hiyo tarehe 16 Machi 2010, na baada ya ujenzi wa miaka mingi makaburi yaliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.

Wageni wengi huonyeshwa mapazia ya magome ya miti na kuelezwa kwamba nyuma yake kuna msitu walikoingia wafalme. Jambo moja hutajwa kwa nadra. Kati ya Makabaka wanne waliolala Kasubi, wawili waliondolewa nchini kwa nguvu na serikali ya Uingereza, na hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyesimamishwa kwanza mbele ya hakimu, wa kiraia wala wa kijeshi. Mwanga alipelekwa visiwani Shelisheli mwaka 1899. Mjukuu wake, Mutesa wa Pili, alipakiwa katika ndege ya kijeshi mwaka 1953.

Suala la ubaguzi wa rangi katika mahakama za kijeshi huelezwa mara nyingi kwa kuhesabu hukumu: nani alinyongwa, nani aliachiwa. Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kwamba ubaguzi ulianza kabla ya hukumu kutolewa. Ulianzia katika kuamua ni nani anayestahili mahakama, ni nani atakaa kitini kumhukumu, na kesi itaendeshwa kwa lugha gani.

Mahakama ya kijeshi ni nini

Mahakama ya kijeshi haina baraza la wananchi wala hakimu aliyejitenga na serikali. Kesi husikilizwa na jopo la maafisa wa jeshi lilelile analotumikia mshtakiwa. Mwendesha mashtaka kwa kawaida ni afisa, na mtetezi vilevile, isipokuwa mshtakiwa awe na uwezo wa kumlipa wakili. Hukumu haikamiliki mpaka ithibitishwe na kamanda mwenye mamlaka, ambaye anaweza kuipunguza au kuifuta. Utaratibu huu uliundwa kwa ajili ya vita, pale ambapo mahakama za kawaida ziko mbali na nidhamu haiwezi kusubiri. Faida yake ni kasi, na madhara yake pia hutokana na kasi hiyohiyo.

Katika majeshi ya kikoloni kulikuwa na jambo la ziada. Maafisa wote walikuwa Wazungu. Kikosi cha King's African Rifles, kilichojulikana kwa wengi kwa herufi tatu za KAR, kiliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, Kenya na Nyasaland. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakuna mwananchi wa Uganda aliyekuwa na kamisheni kamili ya afisa ndani yake. Maana yake ni kwamba kwa takriban miaka sitini kila askari Mwafrika aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi alihukumiwa na watu wa rangi nyingine, wa cheo kingine na wa lugha nyingine. Amri za kikosi zilitolewa kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha kambini chenye sarufi iliyopunguzwa. Lakini sheria iliyomhukumu askari iliandikwa kwa Kiingereza, na kati ya hizo mbili alisimama mkalimani.

Adhabu nazo hazikuwa sawa. Jeshi la Uingereza lilikomesha uchapaji viboko kwa askari wake mwaka 1881, miaka ishirini na moja kabla KAR haijaundwa. Pamoja na hayo, kiboko kiliendelea kuwa adhabu halali kwa askari wa KAR katika vita vyote viwili vikuu, na mjadala wa kukiondoa katika majeshi ya Kiafrika ya Uingereza haukufika mwisho mpaka mwaka 1946. Askari wa Uganda aliyekwenda kupigana na Wajapani Burma angeweza kulala handaki moja na askari wa Kiingereza, akatenda kosa lilelile, na mmoja wao tu akachapwa.

Mwanga na Wanubi, 1897

Uganda ilitangazwa kuwa himaya ya Uingereza mwaka 1894. Julai 1897 Kabaka Mwanga, aliyekwisha kunyang'anywa sehemu kubwa ya mamlaka yake, alitoroka Mengo usiku na kwenda Buddu kuanzisha vita. Alishindwa katika muda wa majuma mawili, akavuka mpaka na kuingia eneo la Wajerumani, ambao walimzuia Mwanza. Agosti mwaka huohuo Waingereza walitangaza kuwa amevuliwa ufalme na kumtawaza mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Mwanga alitoroka tena, akaungana na Kabalega, Omukama wa Bunyoro, ambaye tayari alikuwa ameipinga Uingereza kwa miaka kadhaa. Wote wawili walikamatwa Lango tarehe 9 Aprili 1899. Kabalega alijeruhiwa vibaya kwa risasi na mkono wake ukakatwa.

Kwa mujibu wa desturi za vita za wakati ule, Mwanga angeweza kuhesabiwa mateka wa vita, mkuu wa nchi aliyeshindwa, au mwasi. Kila moja ya hali hizo tatu ilikuwa na kanuni zake, na mwasi alistahili mashtaka. Serikali haikuchagua yoyote. Aliondolewa kwa amri ya utawala, akapelekwa pwani na kisha Shelisheli, ambako alibatizwa na kupewa jina la Danieli. Alifia huko Mei 1903. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi, kando ya baba yake. Kabalega alikaa uhamishoni hadi mwaka 1923, akaruhusiwa kurudi, na akafia Jinja kabla ya kufika Bunyoro.

Katika vita hivyohivyo kulitokea jambo lililowagusa moja kwa moja mababu wa Waganda wengi wanaozungumza Kiswahili na Kinubi. Askari wa Kisudani walioletwa Uganda na Lugard mwaka 1891, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, ndio waliokuwa uti wa mgongo wa utawala mpya. Walilipwa rupia nne kwa mwezi, tena kwa vitambaa na kwa kuchelewa, huku wapagazi kutoka pwani wakilipwa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Mwaka 1897 walitakiwa kufunga safari nyingine ndefu kwenda kaskazini chini ya Meja Macdonald, muda mfupi baada ya kampeni moja baada ya nyingine, bila ya kuambiwa waendako na bila ya wake zao. Huko Eldama Ravine, Septemba mwaka huo, walikataa. Walipigwa risasi walipokuwa wakirudi nyuma, na hapo malalamiko yakawa uasi.

Waasi waliteka ngome ya Luba katika Busoga. Meja Thruston, afisa aliyejua Kiarabu na aliyewaamini askari wake kiasi cha kwenda kwao ili kuwatuliza, aliuawa pamoja na Wazungu wengine wawili Oktoba 1897. Ngome ilizingirwa kwa miezi kadhaa na majeshi ya Waingereza, Wahindi, Waswahili na Waganda. Waganda walikufa kwa mamia. Waasi walivuka ziwa Januari 1898, na kundi kubwa likavunjwa Kabagambe, karibu na Ziwa Kyoga, mwezi uliofuata.

Mishahara ya Wasudani waliobaki watiifu ilipandishwa baada ya uasi, jambo ambalo lenyewe ni kukiri kwamba malalamiko yalikuwa na msingi. Macdonald aliendelea kupanda vyeo. Miaka sita baadaye aliongoza kikosi cha Uingereza kilichoingia Tibet, na alifariki akiwa na cheo cha jenerali na hadhi ya Sir.

Hii haimaanishi kwamba mauaji ya Thruston na wenzake hayakuwa kosa kubwa. Yalikuwa kosa, tena la kikatili, dhidi ya mtu aliyekuja bila silaha. Lakini sheria ya kijeshi ya Uingereza ilikuwa na vifungu vya kumwajibisha afisa kwa uzembe kama ilivyokuwa na vifungu vya kumwajibisha askari kwa uasi, na vile vya kwanza vilisahauliwa.

Songea, 1906

Upande wa Wajerumani mambo yalikwenda kwa haraka zaidi. Wakati wa vita vya Majimaji, viongozi wa Wangoni waliokamatwa walipitishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya muda mfupi na kuhukumiwa kifo. Tarehe 27 Februari 1906 zaidi ya watu 60 walinyongwa katika mji ambao leo unaitwa Songea, kwa jina la Nduna Songea Mbano, ambaye naye alinyongwa siku chache baadaye. Mahali hapo sasa pana makumbusho ya Majimaji, na kila mwaka tarehe 27 Februari hufanyika kumbukumbu. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Novemba 2023 na kuomba radhi.

Novemba 1953

Majuma ya mwisho ya Novemba 1953 yanastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu yaliweka mambo mawili bega kwa bega.

Jijini Nairobi mahakama ya kijeshi ilikuwa ikimsikiliza Kapteni Gerald Griffiths, afisa Mwingereza aliyeongoza kombania ya kikosi cha tano cha KAR katika vita dhidi ya Mau Mau. Alishtakiwa kwa kumuua Mwafrika mmoja karibu na Chuka, mwezi Juni mwaka huo. Ushahidi ulieleza kwamba watu wawili waliokuwa wakipita barabarani walisimamishwa, wakakaguliwa vyeti vyao, wakaambiwa waende zao, kisha wakapigwa risasi mgongoni. Shahidi mkuu alikuwa sajenti meja Mwingereza wa kombania hiyohiyo. Aliiambia mahakama kuwa Griffiths alimwambia anaweza kumpiga risasi mtu yeyote amtakaye, alimradi awe mweusi. Ilielezwa pia kwamba askari walilipwa shilingi tano kwa kila waliyemuua, na kwamba kombania zilikuwa na ubao wa kuhesabia waliouawa, kama ule wa mchezo.

Mahakama ilimwachia huru. Upande wa mashtaka ulishindwa kuthibitisha kwamba marehemu aliyetajwa kwa jina katika hati ya mashtaka ndiye hasa aliyepigwa risasi siku ile. Katika sheria, hoja hiyo ina uzito, na wakili yeyote angeitumia. Uchungu wake umo katika chanzo chake: maiti hazikuandikishwa vizuri kwa sababu hakuna aliyetarajia kuulizwa majina yao.

Matokeo hayo yalizua hasira hata London. Jenerali George Erskine, kamanda wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki, ambaye mwezi Juni alikuwa amewaandikia maafisa wote kuwaonya dhidi ya kuwapiga na kuwatesa wenyeji, alifadhaika. Kuliundwa tume ya uchunguzi chini ya Luteni Jenerali McLean, iliyofanya kazi kwa muda mfupi mwezi Desemba na kwa sehemu kubwa ikalisafisha jeshi. Griffiths alifikishwa tena mbele ya mahakama ya kijeshi Machi 1954, safari hii kwa kuwatesa mateka, mmoja wao akiwa amekatwa sikio. Alipatikana na hatia, akafukuzwa jeshini na kufungwa miaka mitano.

Ila kuna tukio jingine ambalo halikufika mahakamani kabisa. Siku chache baada ya kuuawa kwa wale wawili, katikati ya Juni 1953, askari wa kombania hiyohiyo waliwaua watu wapatao 20 katika eneo la Chuka, wengi wao wakiwa walinzi wa kijiji waliokuwa upande wa serikali. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Familia zililipwa fidia, na nyaraka zikafungwa kwa miongo mingi.

Sasa tuitazame Entebbe. Tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Sir Andrew Cohen alimwita Kabaka Mutesa wa Pili katika ikulu. Kisa kilikuwa hofu ya Waganda kwamba London ilikusudia kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika katika shirikisho lililotawaliwa na walowezi, na Kabaka kukataa kuahidi kwamba angeiunga mkono sera ya serikali. Mutesa alikuwa na umri wa miaka 29. Alisoma Cambridge na alikuwa na kamisheni ya heshima ya kapteni katika kikosi cha Grenadier Guards, walinzi wa mfalme wa Uingereza. Kwa cheo, basi, alilingana na Griffiths.

Cohen alimsomea hati ya kumwondolea utambuzi chini ya kifungu cha sita cha Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Siku hiyohiyo alipelekwa uwanjani na kurushwa London kwa ndege ya jeshi la anga, bila ya kuruhusiwa kurudi Mengo kuaga. Hali ya hatari ikatangazwa Buganda. Dada yake, Nnaalinnya Alice Zaalwango, alifariki ghafla kwa mshtuko aliposikia habari. Huko Kasubi, ambako Daudi Chwa, baba yao, alikuwa amelala tangu mwaka 1939, watu walikusanyika kwa maombolezo kana kwamba kuna msiba wa mfalme.

Kapteni mmoja wa kizungu aliyeshtakiwa kwa mauaji alipata mawakili, mashahidi, hati ya mashtaka yenye jina na tarehe, na faida ya shaka. Kapteni mwingine, Mwafrika, aliyeshtakiwa kwa ukaidi wa kisiasa, hakupata hata mojawapo ya mambo hayo.

Waganda hawakuyakubali hayo. Walikwenda mahakamani wenyewe. Mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Uganda iliamua kwamba Gavana alikosea kukitumia kifungu cha sita kumwondoa Kabaka, ingawa ilisema kifungu kingine kingeweza kutumika. Uamuzi huo, pamoja na mazungumzo yaliyoongozwa na Profesa Keith Hancock huko Namirembe, ulifungua njia. Mutesa alirudi tarehe 17 Oktoba 1955 na kupokewa na umati mkubwa usio na kifani katika historia ya Buganda. Mwanga hakuwa na mahakama ya kukimbilia. Mjukuu wake alirudishwa kwa sababu, kati ya 1899 na 1953, watu wake walikuwa wamejifunza kuisoma sheria ya mtawala na kumrudishia mkononi mwake.

Kamba ya Kenya

Nchini Kenya, wakati wa hali ya hatari, watuhumiwa wengi wa Mau Mau hawakupelekwa mbele ya mahakama za kijeshi bali mahakama maalumu za dharura zilizoanzishwa mwaka 1953. Zilikuwa na majaji wa kiraia, lakini mwendo wake ulikuwa wa kivita. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa, na wengi wao hawakunyongwa kwa kuua. Walinyongwa kwa kukutwa na bunduki au risasi, kwa kushirikiana na wapiganaji, au kwa kuwalisha wengine kiapo.

Mzungu wa Kenya alikuwa na haki ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama wa rangi yake. Mwafrika alipewa washauri watatu, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Dedan Kimathi alihukumiwa hivyo Nyeri, Novemba 1956, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, kwa kosa la kukutwa na bastola na risasi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa amehukumiwa kifo mwaka 1954, akasamehewa kunyongwa. Kabla ya hapo alikuwa koplo wa KAR na alipigana Burma, chini ya bendera ileile iliyokuja kumsomea hukumu.

Katika kipindi chote cha ukoloni ni Mzungu mmoja tu aliyenyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Alikuwa Peter Poole, mwaka 1960.

Wazee walioteswa kambini walisubiri hadi mwaka 2009 kuishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Kesi hiyo ndiyo iliyofichua, mwaka 2011, maelfu ya majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Kwingineko

Afrika Mashariki haikuwa peke yake. Desemba 1917, jeshi la Marekani liliwanyonga askari 13 weusi alfajiri moja huko Texas baada ya ghasia za Houston. Askari 63 walikuwa wameshtakiwa pamoja na kutetewa na afisa mmoja, na hukumu ikatekelezwa kabla ya kupata nafasi ya rufaa. Jeshi lilizifuta hukumu zote 110 za kesi za Houston Novemba 2023. Huko Thiaroye, Senegal, askari Waafrika waliorudi kutoka vita vya Ulaya walidai malimbikizo ya mishahara yao. Wakapigwa risasi tarehe 1 Desemba 1944, na 34 kati ya walionusurika wakahukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Ufaransa kwa uasi. Msomaji wa Kampala atakumbuka Eldama Ravine: mshahara uliochelewa, risasi, kisha neno uasi.

Uingereza iliwasamehe mwaka 2006 askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika Vita Vikuu vya Kwanza. Msamaha huo ulifungwa kwenye sheria mbili, ile ya Jeshi la Uingereza ya 1881 na ile ya Jeshi la India ya 1911. KAR ilitawaliwa na sheria zake za kikoloni.

Luteni ambaye hakushtakiwa

Uhuru ulipokaribia, mizani iliinama upande mwingine, na matokeo yake yanairudisha hadithi hii Kasubi.

Mwanzoni mwa mwaka 1962 kikosi cha nne cha KAR, kikosi cha Uganda, kilitumwa Turkana kuzuia wizi wa mifugo. Baada ya operesheni, maiti za Waturkana zilipatikana, nyingine zikiwa na dalili za mateso. Kombania hiyo iliongozwa na Luteni Idi Amin, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa kamisheni. Serikali ya Kenya ilitaka ashtakiwe. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, alilipeleka jambo hilo kwa Waziri Mkuu mteule Milton Obote, ambaye alishauri akaripiwe tu. Kumfikisha mahakamani mmoja wa maafisa wawili Waafrika, miezi michache kabla ya tarehe 9 Oktoba, kungeonekana kuwa kitendo cha kikoloni. Waturkana hawakuulizwa. Kwa mara nyingine rangi ya mshtakiwa, na si uzito wa ushahidi, ndiyo iliyoamua kama kutakuwa na kesi, na kwa mara nyingine wafu walikuwa watu weusi wa mashambani.

Amin alipotwaa madaraka alizitumia mahakama za kijeshi dhidi ya raia wa Uganda kwa wepesi ambao gavana yeyote angeuonea wivu. Februari 1973 watu kadhaa waliohukumiwa na mahakama hizo walipigwa risasi hadharani katika miji yao, wazazi wao wakitazama. Juni 1975 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo Denis Hills, mwalimu Mwingereza, kwa sababu ya mswada wa kitabu uliomkashifu rais. Malkia aliandika barua, na Waziri wa Mambo ya Nje James Callaghan akafunga safari hadi Kampala kumchukua. Kwa Waganda waliohukumiwa na mahakama zilezile hapakuwa na waziri wa kupanda ndege. Suala la raia kuhukumiwa na wanajeshi bado liko hai nchini: tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kuwa ni kinyume cha katiba, na miezi mitano haikupita kabla ya sheria mpya kuurudisha utaratibu huo kwa masharti.

Mutesa wa Pili alikuwa rais wa kwanza wa Uganda huru. Tarehe 24 Mei 1966 Obote alimtuma Amin, wakati huo akiwa kanali, kulishambulia kasri la Mengo. Kabaka aliruka ukuta, akapata teksi, akavuka nchi hadi Burundi na kisha London, ambako alifariki Novemba 1969. Kwa mara ya pili alikuwa ameondolewa na wanajeshi, na kwa mara ya pili bila ya mashtaka. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971, Amin aliamuru mwili wake urudishwe nyumbani. Mwanzoni mwa Aprili mwaka huo, katika mazishi yenye heshima zote za kijeshi, askari wa jeshi lililomfukuza walilibeba jeneza lake, na Mutesa akalazwa Kasubi, chini ya paa la nyasi alilolijenga baba wa babu yake, karibu na Mwanga.